Iite Programu kwa Jina Lake

Ukiwa mtu wa kompyuta hapa Nairobi, ukoo mzima unajua. Simu zitakuja kutoka Kitui, kutoka Webuye, kutoka hapo Umoja tu, na nyingi huanza vilevile: kuna programu haifunguki, na anayepiga amekaa mbele ya mashine akitaka wewe uone kwa masikio kile anachokiona yeye kwa macho.

“Shangazi, bonyeza ile alama ya dirisha, chini kushoto.”

“Huku kushoto hakuna kitu. Iko katikati.”

“Sawa, basi yako ni Windows 11. Bonyeza hapo katikati, halafu utafute picha ya bluu.”

“Za bluu ziko tatu, mwanangu.”

Kredo inaisha kabla hatujafika popote. Kubonyeza ni kazi ya jicho na kidole, na mtu aliye mbali hawezi kukuazima jicho lake. Siku hizi nafanya tofauti. Namwambia ashike kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, kisanduku kidogo kitokee, aandike winword, abonyeze Enta. Word inafunguka. Kesho yake akisahau, ujumbe bado uko kwenye simu yake, na akitaka anamtumia mwenzake wa chama.

Ninachotetea hapa ni hiki: kufungua programu kwa kuandika jina lake kunafaa kufundishwa kwa kila anayekula kupitia kompyuta, awe karani, mwalimu au mhudumu wa saiba. Watu husifu mstari wa amri kwa kasi yake, na ni kweli una kasi. Mimi nausifu kwa sababu amri ni maandishi, na maandishi mtu anaweza kumpa mtu mwingine.

Wala tusiseme ni jambo la wataalamu. Yeyote aliyewahi kukwangua kadi ya Safaricom ameandika amri. Unaanza na *141*, unafuatisha namba za kadi, unamalizia na #. Mwanzo unataja huduma, katikati unaipa cha kufanyia kazi, mwisho unasema “haya, tekeleza”. Nyanya zetu waliandika hivyo bila picha yoyote ya kuwaongoza, na waliosahau waliuliza dukani wakatajiwa kwa mdomo. Mstari wa amri kwenye kompyuta umejengwa hivyohivyo: jina, vya kufanyia kazi, Enta.

Tuingie ndani kidogo, maana hapa ndipo penye utamu.

Dirisha jeusi ambamo amri hizi huandikwa linaitwa teminali, na kazi yake ni kuonyesha maandishi tu. Anayesoma ulichoandika ni programu nyingine iliyo nyuma yake, sheli. Kwenye Linux nyingi (Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows) sheli hiyo ni bash, ambayo Brian Fox aliiandika kwa ajili ya GNU, mradi wa programu huria, ikatolewa 1989. Kwenye Mac, tangu toleo la Catalina la 2019, ni zsh. Kwenye Windows kuna cmd ya zamani, na kuna PowerShell iliyotoka 2006. Zote hufanya kazi moja ya msingi: zinaukata mstari wako kila palipo na nafasi, zinalichukua neno la kwanza kuwa jina la programu, na maneno yanayobaki zinaikabidhi programu hiyo. Nikiandika

firefox bajeti.html

sheli haijui bajeti.html ni nini, wala haijali. Inaitafuta firefox tu.

Inaitafuta wapi? Swali hili wengi hawaliulizi, na jibu lake lingewaokoa jioni nyingi za kuhangaika. Sheli haipekui diski nzima. Inayo orodha fupi ya folda inayoitwa PATH, inazipitia moja moja kwa mpangilio wake, na inasimama kwenye jina la kwanza linalolingana. Kwenye Linux andika echo $PATH utaiona orodha yenyewe, kitu kama /usr/local/bin:/usr/bin:/bin, folda zikitenganishwa na nukta mbili. Mtu anapakua programu, anaiweka vizuri, anaiita, anajibiwa kwamba amri haijulikani, naye anaifuta na kuipakua upya kwa bando lake la mwisho. Programu ilikuwepo muda wote. Folda yake tu ndiyo haikuwa kwenye orodha. Na yule mwenye nakala mbili za Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye mashine moja, akishangaa kwa nini maktaba aliyoiweka jana haionekani leo, aandike type -a python3. Atatajiwa zote zenye jina hilo, na ya juu ndiyo inayoitika.

Ndiyo sababu pia programu uliyoiandika mwenyewe, iliyo kwenye folda uliyomo, haiitiki mpaka uanze na nukta na mkwaju: ./hesabu. Wanaoanza huona huu ni usumbufu. Lakini fikiria folda ambayo watu wengi wa ofisi wanaweza kuweka vitu ndani. Mtu mwenye nia mbaya aweke humo faili aliyoipa jina ls, jina la amri ya kuorodhesha faili. Sheli ingekuwa inatazama folda uliyomo kwanza, ungeandika ls kwa nia njema na kuendesha kitu chake bila kujua. Unix, mfumo wa zamani ambao Linux na Mac zinafuata desturi zake, inakutaka useme wazi kwamba unakusudia hii iliyo hapa. PowerShell nayo inadai hivyo kwa .\ huku cmd ikiendelea na tabia iliyorithi kutoka MS-DOS, mtangulizi wa Windows, ya kutazama folda uliyomo kabla ya PATH. Katika hili naiunga mkono Unix bila kusita.

Sheli ikishaipata programu, kwenye Unix na jamaa zake hujinakili kwanza, kisha ile nakala inajigeuza kuwa programu uliyoiita. Hatua hizo mbili zina majina, fork na exec, na zimo tangu miaka ya mwanzo ya Unix kule Bell Labs, maabara ya Marekani walikokuwa waundaji wake Ken Thompson na Dennis Ritchie. Sheli ya awali inabaki ikimsubiri mtoto wake amalize. Mtoto akimaliza anaacha namba. Sifuri maana yake kazi imekwenda salama, na namba nyingine yoyote maana yake kuna jambo. Ukiona 127, jina halikupatikana. Ukiona 126, lilipatikana lakini faili haikuweza kuendeshwa, mara nyingi kwa kukosa ruhusa. Unaitazama namba hiyo kwa echo $? mara tu baada ya amri yenyewe.

Huko kusubiri kwa sheli ndiko kunakowatisha wanafunzi wa darasa la jioni ninalofundisha Buruburu. Wanaandika firefox, Firefox inafunguka, halafu teminali inakwama. Haiwapi nafasi ya kuandika tena, na pengine inamwaga maonyo wasiyoyaelewa. Wanaifunga kwa hofu, na Firefox inakufa pamoja nayo. Hakuna kilichoharibika. Sheli ilikuwa inasubiri, na teminali ilipofungwa watoto wake waliarifiwa kwamba mwenyeji ameondoka. Weka alama ya & mwishoni, firefox &, na sheli itaiachia programu iendelee nyuma huku wewe ukipewa mstari mpya. Ukisahau, bonyeza Ctrl na Z kuisimamisha, kisha andika bg iendelee nyuma. Ukitaka iishi hata teminali ikifungwa, tanguliza nohup. Mwanafunzi akishayashika haya matatu hofu inamtoka, naona hata namna anavyokaa kwenye kiti inabadilika.

Sasa faida ambayo mimi ningeiweka mbele hata ya kasi. Programu iliyofunguliwa kwa picha, ikishindwa, mara nyingi hufa kimya. Ukiiita kutoka teminali, inakufa ikisema. Kuna ofisi ndogo Industrial Area ambayo programu yake ya hesabu ilikuwa inaonyesha nembo kisha inatoweka. Fundi aliyetangulia alikuwa ameshapendekeza mashine ifutwe yote na kuwekwa upya, kazi ya siku nzima na hatari ya kupoteza risiti za miezi. Mhasibu alikuwa amekaa pembeni, kalamu mkononi, ameshika paji la uso. Nilifungua teminali nikaiita programu kwa jina. Nembo ikaja, ikatoweka, na pale chini ukabaki mstari mmoja ukisema hakuna nafasi kwenye diski. Tukaandika df -h, na kweli: sehemu inayohifadhi faili za muda ilikuwa imejaa asilimia 100. Tulifuta vitu vya zamani visivyohitajika, programu ikafunguka. Ule mstari ulikuwa ukiandikwa kila mara mhasibu alipobonyeza ile picha, ila haukuwa na mahali pa kuonekana.

Nitoe mfano mwingine, wa saiba moja karibu na Ronald Ngala, kwa kuwa unaonyesha vizuri ninachomaanisha kwa amri kupeanwa. Mwalimu wa Kayole alikuwa ameleta flashi yenye ripoti za darasa zima, kila mtoto na faili yake ya Word, anataka zote ziwe PDF azitume kwa wazazi. Dada anayehudumu alikuwa anafungua moja, anaenda kwenye menyu, anachagua kutoa PDF, anakubali jina, anahifadhi, anafunga, anafungua nyingine. Mwalimu anatazama saa. Mashine zao zinatumia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, na LibreOffice, programu ya ofisi inayofungua faili za Word, ilikuwemo.

“Dada, naomba nijaribu kitu.”

“Sawa kaka, mradi usiniharibie faili za mwalimu.”

Nikamwonyesha kwanza kwamba faili za Word zitabaki kama zilivyo, kisha nikafungua teminali ndani ya folda ile na kuandika:

libreoffice --headless --convert-to pdf *.docx

Majina yakaanza kushuka kwenye skrini, moja baada ya jingine, kila ripoti na PDF yake. Mwalimu akasogeza kiti. Ile headless inaiambia LibreOffice isijisumbue kufungua dirisha. Ile nyota ni ya sheli: kabla LibreOffice haijaitwa, sheli imeshaifungua nyota ikawa orodha kamili ya majina yote yanayoishia na .docx, na LibreOffice inapokea majina hayo bila kujua kwamba kulikuwa na nyota. (Ukijaribu nyumbani, funga kwanza LibreOffice kama iko wazi, maana inaweza kurudi kimya bila kufanya kitu.)

Kilichonifurahisha zaidi ni alichofanya yule dada. Alichukua karatasi ya printa iliyoharibika, akaugeuza upande mweupe, akaandika mstari wote kwa kalamu, nafasi na vistari vikiwa mahali pake, akaubandika kwa selotepu pembeni mwa skrini. Nilipopita tena nikakuta mhudumu mwingine, kijana wa zamu ya jioni, ameuweka ndani ya faili aliyoiita pdf.sh ili asiwe anaandika kila mara. Mimi sikumfundisha huyo kijana. Karatasi ilimfundisha.

Bila kujua, alirudia wazo la zamani sana. Mfaransa Louis Pouzin, akiwa chuo cha MIT kule Marekani mnamo 1963 na 1964, alikuwa akifanya kazi kwenye CTSS, mfumo wa kompyuta wa kutumiwa na watu wengi kwa pamoja, na alichoka kurudia amri zilezile. Akaandika programu iliyoitwa RUNCOM, ya kusoma amri kutoka kwenye faili na kuzitekeleza kwa zamu. Herufi rc unazoziona mwishoni mwa .bashrc, faili ya mipangilio ya bash, zimetoka huko. Ni yeye pia aliyependekeza kwamba msomaji wa amri awe programu ya kawaida, iliyo nje ya kiini cha mfumo, inayoweza kubadilishwa, na ndiye aliyeipa jina la sheli. Unix ikalichukua wazo hilo: sheli ya Thompson 1971, ya Stephen Bourne 1979, kisha bash. Wakati huo wengi hawakuwa na skrini. Waliandika kwenye mashine za teletaipu kama ASR-33, zinazogonga herufi kwenye karatasi polepole, na ndiyo maana amri za kale ni fupi namna ile: ls, cp, mv. Kila herufi ilikuwa na gharama ya muda.

Windows ina miiko yake, nitaipitia haraka. Kile kisanduku cha Windows na R kinaijua winword kwa sababu Word, inapowekwa, huandikisha jina lake kwenye rejista ya mfumo, yaani daftari la mipangilio la Windows, nje ya PATH. Ndani ya cmd jina hilohilo pekee huenda likakataliwa, lakini start winword itafaulu, kwa kuwa start nayo husoma rejista. Jihadhari na nafasi kwenye majina ya folda: bila alama za kunukuu, mstari utakatwa palipo na nafasi kama nilivyoeleza. Na start ina tabia moja inayochosha sana. Ukiandika start "C:\Ripoti za Mwaka\Mei.docx" utapata dirisha jeusi tupu, kwa kuwa inalichukua nukuu la kwanza kuwa kichwa cha dirisha. Mpe kichwa kitupu kwanza: start "" "C:\Ripoti za Mwaka\Mei.docx". Kwenye Mac utaandika open -a Safari, na kwenye Linux xdg-open ripoti.pdf itafungua faili kwa programu inayohusika.

Nusu ya darasa langu hawana laptopu. Wana simu, na kwenye simu ya Android wanaweka Termux, ambayo ni teminali kamili isiyodai malipo. Wanaandika pkg install python, wanasubiri, wanaandika python, na kumbe wana lugha ya programu mfukoni. Humo PATH inaelekea /data/data/com.termux/files/usr/bin, folda ambayo hawangeiona kamwe kwa kubonyeza picha, na ninapenda kuwaonyesha kwa sababu wanaelewa papo hapo kwamba kila kitu wanachokiita kina makao. Mmoja wao hufanya kazi ya kuangalia seva ya mwajiri wake akiwa kwenye matatu ya Thika Road. Anaingia kwa ssh, anaita programu iliyo kwenye mashine iliyo mbali, na kinachosafiri hewani ni herufi tu, kwa hiyo bando halisikii. Mtandao ukikatika njiani, kazi haifi, kwa kuwa huwa anaianzisha ndani ya tmux, programu inayoishikilia kazi kwenye seva, na kuikuta pale alipoiacha.

Basi kuna hatari, na siwezi kuisifu amri kwa kupeanika bila kusema hili. Kinachopeanwa kwa urahisi hupeanwa na matapeli pia. Tangu 2024 umeenea ulaghai ambapo ukurasa wa tovuti unakuambia uthibitishe kwamba wewe si roboti: shika Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enta. Ukurasa umeshaweka amri kwenye ubao wako wa kunakili bila wewe kuona, na mkono wako mwenyewe ndio unaoiendesha. Ni kisanduku kilekile ninachowaelekeza ndugu zangu. Mara nyingi mstari huo huanza na powershell au mshta, ukifuatwa na anwani ndefu ya kupakua kitu. Kwenye Linux nduguye ni ule mstari wa curl unaomwaga faili ya mtandaoni moja kwa moja ndani ya sudo bash, yaani sheli iliyopewa mamlaka yote ya mashine.

Sitaacha kuwatumia watu amri kwa sababu hiyo. Dawa ninayoiamini ni kumfundisha mtu kuusoma mstari kabla hajabonyeza Enta, na mtu anayejua kwamba neno la kwanza ndilo linaloitwa tayari ana nusu ya dawa. Ndugu zangu nimewaambia: mimi nitakutumia jina ambalo unalijua, winword, excel, kitu cha namna hiyo, nawe uliandike kwa mkono wako herufi kwa herufi. Ukiona mstari umekuja wenyewe, mrefu, na mwanzo wake huutambui, nipigie.

Darasani Buruburu nimeanza kufanya hivi kabla ya mtu kugusa kibodi. Nagawa karatasi zenye mistari ya amri, mingine mizuri na mingine ya hila, na kila mmoja anazungushia duara neno la kwanza, kisha anaeleza kwa Kiswahili chake ni programu gani itaitwa, inapewa nini, na inatoka folda gani. Hubishana sana, hasa kwenye mistari yenye sudo, kwani hapo neno la kwanza linakabidhi mamlaka kwa neno la pili. Karatasi za sasa zina amri za Linux tu. Muhula ujao naongeza za cmd na PowerShell, kwa sababu wengi wao kazini wanakalia Windows.